Mashine na Mizani ya Ushairi

Swali la kwamba mashine yaweza kuwa na akili na hisia kama za binadamu lilipimwa kwa ushairi kabla kompyuta hazijaenea duniani. Katika hotuba yake ya mwaka 1949, Geoffrey Jefferson, profesa wa upasuaji wa ubongo katika Chuo Kikuu cha Manchester, alishikilia kwamba mashine haiwezi kuhesabiwa sawa na ubongo mpaka itunge shairi kwa sababu ya mawazo na hisia ilizo nazo, wala si kwa alama kujipanga kwa bahati. Tena ijue kwamba imetunga.

Alan Turing alimjibu katika jarida la Mind mwaka 1950. Hoja yake ilikuwa nzito: ikiwa hisia haithibitiki ila kwa yule aihisiye, basi hata mtu hawezi kumthibitishia mwenzake kwamba anafikiri. Badala ya kupekua moyo, alitaka maswali. Akabuni mahojiano juu ya soneti ya Shakespeare inayoanza kwa kumlinganisha mpendwa na siku ya kiangazi. Mhojiwa aulizwa kwa nini isitajwe siku ya majira ya kuchipua. Ajibu kwamba mizani ingeharibika. Apewapo siku ya kipupwe, ambayo mizani yaikubali, ajibu kwamba hakuna apendaye kufananishwa na siku kama hiyo.

Jibu la kwanza ni la kanuni, la pili ni la desturi za watu. Na yote mawili hufundishika. Programu za lugha zilizoenea tangu mwaka 2022 zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, nazo hukadiria neno lifaalo kufuata. Hutoa hata beti za Kiswahili, za simanzi au za mahaba, kama zitakavyoamriwa. Kwa hiyo mhakiki apimaye shairi kwa vina na mizani tu amekwisha kuipa mashine kiti. Wala hasalimiki yule wa upande wa pili wa mjadala wa miaka ya 1970, ambamo Kichomi cha Kezilahabi, cha mwaka 1974, kilitetewa na kushambuliwa. Maana kuacha vina si kazi ngumu kwa mashine kuliko kuvifuata.

Tofauti yafaa itafutwe kwingine. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, naye akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa wasia. Umbo lake ni la kawaida: vipande vinne vya mizani nane, na kina cha mwisho kikiendelea toka ubeti hadi ubeti. Mashine yaweza kulipata umbo hilo. Lakini maneno yale yalikuwa na mwenyewe na yalikuwa na mwambiwa. Shauri likiwa baya, angeumia mtoto wa aliyelitoa. Hata msomaji wa leo asiyekubali mafundisho yake juu ya utii wa mke hubishana na mama, habishani na maneno matupu.

Hapo ndipo hoja ya Turing inapopungua. Aliweka mbele njia mbili: kuingia moyoni mwa msemaji, au kuyapima majibu yake. Ipo ya tatu, waliyoijua washairi wa Mombasa tangu zama za Muyaka bin Haji: kuuliza ni nani aliyesema, amemwambia nani, na atasimama vipi akijibiwa. Katika malumbano mshairi huweka heshima yake rehani. Mashine yaweza kujibu kila ubeti, lakini haina jina la kuchafuka wala uso wa kuona haya.

Hii si kusema kwamba kila binadamu atungaye hutunga kwa hisia. Wengi hupanga maneno kwa mazoea, wakaomboleza wasichokililia. Mtunzi wa namna hiyo hustahili lawama, kwa kuwa alikuwa na moyo asiutumie. Na lawama hiyo haiwezi kuielekea mashine.