Istilahi za upumuaji zisiishie kamusini, zimfikie mgonjwa

KUNA dai ambalo limerudiwa mno hata likachukuliwa kuwa ukweli: kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha kubeba taaluma ya tiba. Leo ningependa tulipime dai hilo kwa kutazama eneo moja tu la mwili wa binadamu, yaani mfumo wa upumuaji na maradhi yake.

Tuifuate hewa inavyoingia mwilini. Hupita puani, ikafika kwenye koromeo, ikapenya katika zoloto penye nyuzi za sauti, kisha ikashuka kwa bomba ambalo wanabiolojia huliita trakea. Bomba hilo hugawika kuwa bronki mbili, moja kwa kila pafu. Ndani ya mapafu njia hizo huendelea kugawika hadi kwenye vifuko vidogo mno vya hewa, ambamo oksijeni huingia katika damu na kaboni dayoksaidi ikatoka. Chini ya mapafu kuna kiwambo, msuli unaoshuka tunapovuta pumzi na kupanda tunapoitoa.

Hapo nimetumia maneno asilia, ya kubuniwa na ya mkopo, na sidhani kuna msomaji aliyeachwa njiani. Isitoshe, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, kisha baadaye ikatoa Kamusi ya Tiba. Kwa hivyo uhaba wa istilahi si hoja tena.

Hoja yangu ni nyingine. Sisi wanaistilahi tumejishughulisha na kutaja viungo na magonjwa, tukasahau kuyachunguza maneno ambayo mgonjwa huja nayo hospitalini. Hakuna mgonjwa anayesema, "Bronki zangu zimevimba." Husema, "Daktari, kifua kimenibana." Istilahi na neno la mgonjwa zisipokutana, anayeumia si mwanaisimu.

Chukua neno hilo hilo 'kifua'. Mkenya akisema, "Niko na kifua," huenda ana kikohozi cha siku mbili, huenda ana pumu, huenda ni makohozi yaliyokwama, au ni mbavu zinazomuuma. Juu ya neno hili pana ndipo lilipojengwa jina 'kifua kikuu'. Ni jina lenye picha nzuri, lakini linaweza kumpotosha msikilizaji adhani kwamba huu ni ule ule ugonjwa wa kifua aliouzoea, ila umekomaa. Kumbe sivyo. Kifua kikuu, ambacho mtaani huitwa TB, huletwa na bakteria wake mahususi, huambukizwa kwa njia ya hewa, na huweza kushambulia hata mifupa ya uti wa mgongo. Mtu anayeamini kwamba ana 'kifua tu' atakunywa maji ya tangawizi mwezi mzima, ilhali kikohozi kinachozidi wiki mbili kinahitaji kupimwa.

Na hata akienda kupimwa, lugha inamngoja mlangoni. Kipimo cha TB ya mapafu kwa kawaida huhitaji makohozi, yaani ule ute mzito unaotoka ndani ya mapafu mtu akikohoa kwa nguvu. Mhudumu anayeona haya kulitamka neno hili linalotia kinyaa humpa mgonjwa kikopo na kumwambia, "Tema mate hapa." Mgonjwa mtiifu hutema mate. Maabara hupima mate, na ugonjwa ulioko mapafuni huweza kukosa kuonekana. Mgonjwa hurudi nyumbani na karatasi inayomwambia kwamba yu salama, aendelee kukohoa miongoni mwa wanawe. Tafsida ina mahali pake katika lugha, lakini si kwenye kikopo cha maabara.

Neno la pili ni 'homa'. Hapa Kenya, mtu akisema, "Niko na homa," mara nyingi anamaanisha mafua: pua inachuruzika na chafya hazimwishi. Kwa Watanzania wengi, homa ni joto la mwili kupanda kupita kiasi. Sasa fikiria bango linalomshauri mama ampeleke mtoto kituo cha afya akipata homa. Mama mmoja atakimbia na mtoto mwenye mafua mepesi. Mwingine atabaki nyumbani na mtoto anayewaka moto kwa kuwa pua yake ni kavu. Wote wawili wamelisoma bango vizuri. Aliyekosea ni aliyeliandika bila kujiuliza linasomwa wapi. Angeandika 'joto jingi mwilini' pale anapotaka joto, na 'mafua' pale anapotaka mafua, utata huo ungekwisha.

Utata huo huo unaliandama jina 'homa ya mapafu', ambalo baadhi yetu hulipendekeza badala ya nimonia. Mkenya anaweza kulisikia kama mafua yaliyoshuka kifuani. Mfugaji naye analijua kama ugonjwa wa ng'ombe wake. Wengine husema 'kichomi', jina linalotokana na maumivu yanayochoma ubavuni. Lakini mtoto mchanga hawezi kusema anachomwa, na wadogo ndio wanaohatarishwa zaidi na nimonia. Ama neno 'nimonia' lenyewe limeelemezwa na imani kwamba huletwa na baridi: "Vaa sweta usishikwe na nimonia." Sweta ni nzuri, ila nimonia huletwa na vijidudu, na ndiyo maana chanjo ya kukinga dhidi ya baadhi yake iliingizwa katika ratiba ya watoto nchini mwaka 2011.

Mama basi aitambueje nimonia? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unamtaka mhudumu ahesabu pumzi za mtoto kwa dakika moja. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi asiyefika mwaka, pumzi 50 au zaidi ni za kasi. Kwa wa mwaka mmoja hadi asiyefika mitano, ni 40 au zaidi. Dalili nyingine ni sehemu ya chini ya kifua kubonyea ndani mtoto anapovuta hewa. Hapa ndipo Kiswahili kina utajiri ambao kamusi zetu za tiba hazina budi kuutumia, nao ni utajiri wa vitenzi. Mtoto anahema. Anatweta. Anakoroma. Anapiga kite. Amepaliwa. Hili la mwisho hasa ni johari: mama akisema mtoto 'amepaliwa', amemfahamisha daktari kwamba kuna kitu kimeingia njia ya hewa badala ya njia ya chakula, pengine punje ya njugu. Akisema tu 'anakohoa', habari yote hiyo imepotea.

Linganisha na jinsi tunavyofasili pumu. Kamusi ikituambia tu kwamba ni ugonjwa unaomfanya mtu apumue kwa shida, haijatenganisha pumu na nimonia wala na moyo uliochoka. Fasili yenye manufaa ingesema kwamba njia za hewa huvimba na kubana, kwamba hali hiyo huja na kuondoka, na kwamba pumzi inapotoka huweza kulia kama filimbi.

Lakini mfano unaonisikitisha zaidi ni wa 'kimeo'. Kimeo, ambacho wengine hukiita kilimi, ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Hata wanafonetiki hatujaafikiana: wapo wanaokiita kidakatonge, na wapo wanaolihifadhi jina hilo kwa kifuniko kinachoziba njia ya hewa tunapomeza. Mimi nawaunga mkono hawa wa pili, kwa kuwa kifuniko hicho ndicho kinachozuia tonge lisipotee njia. Hayo ni mabishano ya darasani. Nje ya darasa, jina la kiungo limegeuka jina la ugonjwa. Mtoto akikohoa mfululizo huambiwa 'ana kimeo', kisha hupelekwa kwa fundi akikate, hapa Kenya na Tanzania pia. Kila binadamu ana kimeo, kama kila binadamu ana pua! Wapo watoto waliovuja damu nyingi au kupata maambukizi kwa kukatwa kiungo kisicho na hatia, huku nimonia au TB iliyowakohoza ikiendelea kuwala.

Je, tunaweza kufanya vizuri zaidi? Naam. Mwaka 2020, virusi vya korona vilipoingia nchini, neno 'barakoa' lilitoka katika pembe za lugha likawa la kila mtu, kuanzia kwa msomaji taarifa hadi kwa makanga wa matatu. Lilifaulu kwa sababu lilikuwa fupi, lilikuwa na kazi ya kufanya, na lilitamkwa kila siku mahali lilipohitajika.

Kwa hivyo wanaoandaa kamusi za tiba watoke maktabani wakakae kwenye foleni ya zahanati. Kila istilahi iandamane na maneno ya wagonjwa, pamoja na maana zake Nairobi, Mombasa, Kisumu na Dodoma. Vyuo vya uuguzi navyo vifundishe kuhoji mgonjwa kwa Kiswahili kama vinavyofundisha kudunga sindano. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya. Vifungu hivyo viwili hukutana pale mama anapoulizwa, "Mtoto ana nini?" Jibu lake likieleweka, tiba imeanza.