Kuoga na Kuota: Neno juu ya Hamamu na Maji ya Moto

Katika Kiswahili mtu huoga maji na huota moto. Vitenzi hivi vyakaribiana kwa sauti, lakini matumizi yake yametengana sana. Aogaye hujitenga: bafu na msala ni mahali penye mlango, na amkutaye mwenzake humo huomba radhi akaondoka. Aotaye moto hukaa na watu, na ajaye hupishwa nafasi. Hakuna asemaye "kuota maji". Nadhani pengo hilo dogo la lugha laeleza kwa nini majengo ya maji ya moto katika nchi zetu, hata yale mazuri, aghalabu hayakupata kuwa mahali pa kukutania.

Tutazame hamamu ya Kidichi, iliyojengwa mnamo mwaka 1850 kwa amri ya Seyyid Said bin Sultan, kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shahrazad. Imesimama penye mwinuko wa kisiwa cha Unguja, katika nchi ya mashamba ya mikarafuu, na hapana shaka aliyepachagua mahali hapo alikuwa na jicho. Ndani mna nakshi za chokaa za maua na ndege, kazi ya Kiajemi isiyokuwa desturi ya Waarabu wa Oman. Ni jengo la kupendeza. Lakini tukilipima kama mahali pa watu, lashindwa. Shamba limefanywa kuwa njia ya kufikia hamamu, si sehemu ya hamamu yenyewe. Maua yamechongwa ukutani, na yale yaliyo hai yameachwa nje.

Hamamni, katika Mji Mkongwe, ni kinyume chake. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hata 1888, aliijenga iwe ya watu wote, kwa mkono wa mwashi wa Kiajemi Haji Gulamhussein. Mlikuwa na vyumba vya maji ya moto na ya baridi, na mahali pa kunyolewa; moto wenyewe ulifichwa chini ya sakafu. Tazama jina lake: "hamamu" ni neno la Kiarabu la shina lile lile lililotupa "homa", yaani joto; na Waswahili wakalitia "-ni" ya mahali, likawa jina la mtaa. Neno lisilotumiwa na watu halifikii kuwa mtaa. Hata hivyo, mnamo 1920 hivi maji yalikatika, na leo wageni hulipa ili kutazama mabirika makavu. Jina limeishi kuliko desturi.

Mfano ulio bora zaidi wa Unguja ni Mtoni. Salme binti Said, aliyekuja kuitwa Emily Ruete, katika kumbukumbu zake zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886, aeleza jinsi watu wa nyumba ile walivyokaa kwenye mabafu kwa saa nyingi, si kwa kujisafisha tu, bali kwa kupumzika na kuwa pamoja. Hapo maji yalikaribia kuotwa. Lakini ilikuwa nyumba ya mfalme, na mlango wake ulijua nani aingie.

Kwa mahali pasipo mlango yatupasa twende Kitagata, magharibi mwa Uganda. Chemchemi moja hapo ilikuwa ya Mugabe, mfalme wa Ankole. Nyingine wenyeji waiita Mulago, kwa jina la hospitali kubwa ya Kampala, kwa kuwa wagonjwa huketi majini wakitafuta nafuu. Sijui jina la jengo lolote lililobuniwa kwa akili kama hilo, na hapo hakuna jengo la kusifiwa.

Sasa tuje Ufipa. Sumbawanga iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai huko Malangali hakuna haja ya kumshawishi mtu asogee motoni. Lakini joto la ardhi halikuwekwa Malangali. Liko chini, katika Bonde la Ufa, ambako maji hushuka katika nyufa, hupata moto, kisha hupanda tena; na huko hewa yenyewe ni ya joto tayari. Ndiko kuliko Maji Moto ya Mpimbwe, katika nchi iliyokuwa ya Mkoa wa Rukwa kabla ya Katavi kutengwa mwaka 2012. Mtu atasema, basi tuchemshe maji huku juu. Kweli Wafipa waliutawala moto: tanuri zao za chuma zilipita kimo cha mtu, zikavuta hewa zenyewe bila mivukuto. Lakini kazi ile ilikula miti mingi, na uwanda wa Ufipa ni nchi ya majani. Apendekezaye hamamu ya kuni atuoneshe kwanza msitu wake.

Basi kazi iko bondeni, na hatari yake yajulikana. Kijiji cha Vals, huko Uswisi, kilimwagiza Peter Zumthor hamamu ya mawe ya mahali pale pale, iliyofunguliwa mwaka 1996, nusu yake imezama mlimani. Ni kazi ambayo Kidichi haikuthubutu. Mwaka 2012 kijiji kikaiuza kwa mwekezaji. Usanifu mzuri haukuzuia jambo hilo, na pengine ndio uliopandisha bei.

Ningependa atakayejenga kwetu aanze kwa kuufuata mkondo. Penye jicho la maji, ambapo joto huunguza, asijenge kitu. Ajenge chini, maji yanapopoa hata nyuzi 40 hivi, na anachojenga kiwe baraza: mawe ya kukalia yaliyopangwa duara, watu waonane nyuso, na paa la nyasi upande wa jua. Zamu za wanawake na wanaume wazipange wenyeji. Pa sabuni na kufulia pawe chini zaidi, na hapo ndipo penye haki ya kuwa na ukuta. Dirisha la tikiti, likiwa halina budi kuwapo, lisikae juu ya njia ya waendao kuteka maji.