Jembe la Babette

Wakristo wanaosoma hadithi wanaipenda sana "Karamu ya Babette" ya Karen Blixen. Hadithi hiyo ilitokea kwanza katika gazeti moja la wanawake huko Marekani mwaka 1950, na baadaye mwandishi akaitia katika mkusanyo wake wa hadithi wa mwaka 1958. Mwaka 1987 Gabriel Axel wa Denmark aliitolea filamu, na mwaka uliofuata filamu hiyo ikapewa tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Hata Papa Fransisko aliitaja katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu moja zaidi ya kuisoma, kwani Blixen aliishi kwetu, katika shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong, tangu mwaka 1914 hadi 1931.

Kwa msomaji asiyeijua, nitaieleza kwa ufupi. Katika mji mdogo wa pwani ya Norway wanaishi dada wawili wazee, Martine na Philippa, waliopewa majina hayo kwa heshima ya Martin Luther na rafiki yake Philip Melanchthon. Baba yao alikuwa mchungaji aliyeanzisha kikundi cha waumini wanaojinyima anasa zote za dunia. Baba amefariki, na kikundi kimebaki cha wazee wanaokumbushana madeni ya zamani. Usiku mmoja wa mvua mwaka 1871 anabisha hodi mwanamke Mfaransa. Mume wake na mwanawe wameuawa katika maasi ya Paris ya mwaka huo, naye amekimbia. Ana barua tu, inayosema kwamba anajua kupika. Wanampokea. Baada ya miaka kumi na miwili Babette anashinda faranga 10,000 katika bahati nasibu, na badala ya kurudi kwao anaomba ruhusa ya kupika karamu ya kukumbuka miaka mia tangu azaliwe marehemu mchungaji. Kasa na tombo wanaletwa, na mvinyo ambao wazee wale hawajauona maishani. Wale wazee, kwa kuogopa uchawi wa vyakula hivyo, wanaapizana wasiseme neno lolote juu ya chakula. Wanakula, mioyo inalegea, maadui wanapatana. Mwishowe dada wanagundua kwamba Babette alikuwa mpishi mkuu wa Café Anglais, mgahawa mashuhuri wa Paris, na kwamba ameitumia fedha yote, hata senti haikubaki.

Mahubiri yanayotokana na hadithi hii aghalabu ni ya namna moja. Babette ametoa vyote, kwa hiyo ni mfano wa Kristo. Meza yake ni Meza ya Bwana. Nasi twende tukafanye vivyo hivyo, tuwaandalie wageni wetu bila kuhesabu gharama. Siyapingi mahubiri hayo moja kwa moja, maana karamu ile inaponya kweli. Lakini naona kwamba yanaanzia ukurasa wa mwisho. Kwanza, Babette mwenyewe anayakataa. Dada wanapomsikitikia kwamba ametoa kila kitu kwa ajili yao, anawajibu kuwa hakufanya kwa ajili yao bali kwa ajili yake mwenyewe, kwa kuwa yeye ni msanii. Blixen alikuwa mjanja. Aliuweka ufunguo huo mlangoni, na wahubiri wengi hupita pembeni yake. Pili, na hili ni kubwa zaidi, mahubiri hayo yanamtazama mwenye kutoa tu. Lakini Babette ndiye mgeni katika nyumba ile. Mkimbizi anawapa chakula wenyeji wake. Tunahitaji kuuliza ni nini kiliwezesha jambo hilo.

Jibu langu ni kwamba karamu ilianza miaka kumi na miwili kabla ya karamu. Dada wale ni maskini, na hawana mshahara wa kumlipa. Wanamwogopa kidogo, kwa sababu ni Mkatoliki na kwa sababu Wafaransa wanasifika kwa kufuja mali. Hata hivyo wanamfungulia mlango. Wanamfundisha kupika samaki mkavu na supu ya mkate, wakimwonya kwamba katika nyumba hii chakula kiwe cha kawaida kadiri iwezekanavyo. Msomaji anayejua mwisho wa hadithi hucheka hapo, kwani wanamfundisha supu mpishi bora wa Paris. Lakini tusicheke tukasahau wanachokifanya: wanamkabidhi jiko. Naye, kwa ustadi wake, anapunguza gharama za nyumba, na supu wanayowapelekea maskini inapata nguvu mpya. Hakubaki mtu wa kuhurumiwa. Alikuwa mtu mwenye kazi.

Hapo ndipo methali yetu inapoingia. Tunasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku hizi methali hii hutajwa kwa kicheko, kama njia ya adabu ya kumfukuza mtu. Sidhani kwamba maana yake ni hiyo. Mwalimu Nyerere, katika kijitabu chake juu ya Ujamaa cha mwaka 1962, aliitumia kuonyesha kwamba katika jamii ya zamani kila mtu alikuwa mfanyakazi, na kwamba mgeni mwenyewe aghalabu angeliomba jembe kabla hajapewa. Asiye na jembe hula kwa huruma; mwenye jembe ana sehemu yake katika mavuno na neno lake katika baraza. Kumpa mgeni jembe siku ya tatu ni kumwambia kwamba sasa wewe ni wa hapa.

Tunao ushahidi wa jambo hili katika historia yetu wenyewe. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi nchini Tanzania, huko Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walifyeka misitu, wakalima, wakauza mazao. Ilipofika mwaka 2014, zaidi ya watu 160,000 kati yao na watoto wao walikuwa wamekubaliwa kuwa raia. Linganisha na yaliyofuata. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja tu. Walipokelewa, na kwa hilo wenyeji wa Ngara wanastahili heshima. Lakini wingi wao uliogopesha, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ikamtaka mkimbizi akae ndani ya eneo alilopangiwa, asitoke bila kibali. Najua sababu za serikali, wala sisemi kwamba ni nyepesi: usalama, misitu iliyokatwa kwa kuni, visima vilivyokauka. Nasema tu kwamba mtu anayepewa mgawo wa unga miaka ishirini bila kuruhusiwa kushika jembe amebaki mgeni wa siku ya kwanza, na hiyo si siku nzuri kuishi ndani yake maisha yote.

Basi je, dada wa Blixen ni kielelezo kamili? La. Hadithi ina kasoro ndani yake, nami naamini mwandishi aliijua. Karamu inapoendelea, Babette haonekani mezani. Yuko jikoni. Jemadari mmoja mgeni, aliyewahi kula Café Anglais, ndiye pekee anayetambua vyakula vile, naye anamsifu mpishi wa zamani wa Paris bila kujua kwamba yuko nyuma ya ukuta. Wageni wanakwenda zao wakiwa na furaha. Babette anabaki amekaa juu ya gogo la kukatia nyama, kati ya sufuria zenye mafuta, amechoka kabisa. Ndipo dada wanakwenda kumshukuru, na ndipo kwa mara ya kwanza wanajua alikuwa nani. Miaka kumi na miwili! Walijua misiba yake, na walijaribu kumpa pole; hawakujua kazi yake. Walimjua kama mtu aliyepoteza, si kama mtu anayeweza.

Kasoro hiyo naiona pia katika maisha ya mwandishi. Kule Ngong mpishi wake alikuwa Kamante, kijana Mkikuyu, ambaye Blixen alimwandika kwa upendo katika kitabu chake cha kumbukumbu za Afrika cha mwaka 1937. Kamante alipika vyakula vya Ulaya kwa ustadi wa ajabu, hata mwana wa mfalme wa Uingereza alipokula shambani hapo mwaka 1928 alisifu mapishi yake. Lakini yeye mwenyewe aliendelea kupendelea chakula cha kwao. Tazama mpango wa nyumba ile. Mgeni katika nchi alikaa kwenye kichwa cha meza, na mwenyeji wa nchi alikuwa jikoni. Sisemi Blixen alikuwa mkatili; mengi yaonyesha kinyume chake. Lakini alijua vizuri mlango wa jikoni ni nini, kwa sababu aliishi upande mmoja wa mlango huo miaka kumi na saba. Pengine ndiyo sababu aliweza kuandika kwa ukali mtulivu habari za mpishi ambaye hakuna aliyemwita mezani.

Naileta habari hii nyumbani, maana hasara yake iko nyumbani. Katika sharika zetu ukarimu umekuwa kazi ya kamati. Askofu anapokuja, mbuzi huchinjwa, soda hununuliwa kreti kwa kreti, na akina mama hukesha wakipika. Ibada inapokwisha, hao waliokesha husikia neno la shukrani kupitia dirisha la jiko. Katika nyumba zetu vilevile, msichana wa kazi hutayarisha meza, husimama pembeni wakati wa sala ya chakula, kisha hula baadaye, pekee yake, kilichobaki. Wengi wetu tungesema kwa dhamiri safi kwamba tunamtunza vizuri. Lakini kama ukimwuliza mwenye nyumba huyo binti alisoma hadi wapi, alikuwa na ndoto gani, anajua kufanya nini zaidi ya kuosha vyombo, mara nyingi hajui. Dada wa Norway angalau walikuwa na udhuru wa lugha.

Marafiki wengine wataniambia kwamba Bwana alimsifu Mariamu aliyekaa miguuni pake, si Martha aliyehangaika na sahani. Ni kweli. Lakini nawaomba waisome Luka sura ya kumi tena kwa makini. Martha alilalamika kwamba ameachwa peke yake na kazi. Malalamiko hayo hayamaliziki kwa kuhubiri kwamba Mariamu alichagua vema, kisha wote tukaketi tukingoja chakula. Yanamalizika pale watu wanapoinuka wakaosha vyombo pamoja, ili Martha naye apate nafasi ya kukaa.

Wenyeji wetu wa pwani husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Naisoma hadithi ya Blixen kama ufafanuzi mrefu wa maneno hayo manne. Wazee wale wagomvi waliponywa na mgeni. Lakini mgeni hawezi kumponya mwenyeji kama mikono yake imefungwa na mgawo wa unga, au kama jina lake halijulikani, au kama mlango kati ya jiko na chumba cha kulia huendea upande mmoja tu. Dada wale walivunja kizuizi cha kwanza. Kwa hilo nawaheshimu kuliko ninavyoiheshimu karamu yenyewe. Viwili vilivyobaki hawakuvivunja hadi usiku ulipokwisha, Philippa alipomkumbatia Babette pale jikoni. Kumbatio lile ni zuri, nami sioni aibu kusema kwamba hunigusa kila mara. Lakini limechelewa kwa miaka kumi na miwili, na sisi hatuna sababu ya kungoja muda huo. Jumapili ijayo, mama anayepakua chakula akiitwa aketi kabla sala haijaanza, karamu itapoa kidogo. Hakuna mtu aliyewahi kufa kwa kula pilau vuguvugu.