Mafundi wa Regensburg

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Ujerumani ilijaa askari waliopoteza miguu. Huko Rosenheim, mwaka 1948, fundi mmoja aliwaundia kigari cha magurudumu matatu. Cha kwanza kilikwenda kwa nguvu za mikono tu. Kazi hiyo ikahamia Regensburg, kwenye kiwanda cha Messerschmitt kilichokuwa kimekatazwa kuunda ndege.

Kigari cha kiwanda hicho kiitwacho KR200 kilitoka mwaka 1955. Injini yake ilikuwa ya cc 191, usukani kama mpini wa pikipiki, abiria nyuma ya dereva. Gia ya kurudi nyuma hakuna! Unazima injini, unasukuma ufunguo ndani zaidi, unaiwasha izunguke kinyume. Basi gia zote nne zinarudi nyuma. (Mwendo wa gia ya nne kinyumenyume sitamani kuujaribu.) Uundaji ulikoma mwaka 1964.