Sadfa Yenye Mizizi: Tamthilia Mbili za Korea na Filamu Moja ya Japani

Katika majibu mengi ya karatasi ya fasihi, sadfa hutajwa kana kwamba ni pambo la ukutani. Mtahiniwa huandika kwamba mwandishi ametumia sadfa, akatoa mfano mmoja, kisha akahamia kwenye taharuki na kinaya. Ni nadra kumpata anayejiuliza iwapo sadfa hiyo imeifaa kazi au imeiharibu. Hapo ndipo uhakiki unapotengana na uorodheshaji wa mbinu. Ili tulijadili swala hili bila kuzongwa na vitabu teule, ambavyo wengi wameshakaririshwa majibu yake, hebu tutazame kazi tatu kutoka mbali.

Tuanze na Winter Sonata, tamthilia ya runinga ya sehemu 20 iliyoonyeshwa na kituo cha KBS cha Korea Kusini mwaka 2002 chini ya mwelekezi Yoon Seok-ho. Mvulana Jun-sang na msichana Yu-jin wanapendana wakiwa wanafunzi katika mji wa Chuncheon. Mvulana anagongwa na gari na inaaminika kwamba amekufa. Miaka kumi baadaye, Yu-jin akiwa karibu kuposwa na Sang-hyuk, anazuka mwanamume wa sura ile ile kwa jina jingine. Naam, ni Jun-sang aliyepoteza kumbukumbu. Hadi hapo mtazamaji anakubali, kwani kila hadithi ina haki ya kuomba jambo moja lisilo la kawaida. Lakini gari linamgonga Jun-sang tena na kumbukumbu zinamrudia! Kisha inashukiwa kuwa wapenzi hawa ni ndugu wa baba mmoja, na baadaye inabainika kwamba ndugu yake hasa ni Sang-hyuk, yule mshindani wake. Mwishowe anapofuka. Mtazamaji akishajua kwamba mwelekezi ana gari jingine tayari la kumgongea mhusika wake, taharuki hufa. Haogopi tena, anasubiri tu.

Mbona basi watu walililia? Ilipoonyeshwa Japani na NHK mwaka 2003, Bae Yong-joon, aliyeigiza Jun-sang, aligeuka kipenzi cha maelfu ya wanawake wa makamo, na watalii wakamiminika Korea kuyaona mandhari yaliyotumiwa. Maoni yangu ni kuwa kilichowavuta si msuko bali ni hali: theluji iliyotanda, njia iliyopandwa miti pande zote mbili, muziki wa taratibu, na mapenzi ya kwanza ambayo hayakupewa nafasi ya kuzeeka. Theluji ni ishara ya usafi na vilevile ya kitu kitakachoyeyuka. Kazi inaweza kuwa na ploti dhaifu na bado ikashika moyo kwa mandhari yake, na mhakiki mwaminifu husema yote mawili.

Sasa linganisha na Dae Jang Geum, tamthilia ya sehemu 54 iliyoelekezwa na Lee Byung-hoon na kuonyeshwa na kituo cha MBC kati ya mwaka 2003 na 2004. Jang-geum ametajwa kwa maneno machache katika kumbukumbu za ufalme wa Joseon kuwa mganga wa kike aliyemtibu Mfalme Jungjong, aliyetawala kuanzia 1506 hadi 1544. Mengi mengine ni ubunifu. Katika ubunifu huo, mama yake anauawa kwa hila za watu wa jikoni mwa kasri, na kabla ya kukata roho anamwagiza bintiye aingie kasri, apande hadi awe mkuu wa jiko la mfalme, na huko aandike dhuluma aliyotendewa. Mtoto anaingia, na anayemlea ni Bi. Han, ambaye ndiye aliyekuwa rafiki wa dhati wa marehemu. Wanaishi pamoja kwa miaka bila kujuana, ilhali sisi watazamaji tunajua.

Hii nayo ni sadfa, lakini ichunguze vyema. Rafiki wa mama angepatikana wapi kama si jikoni humo humo, katika kasri ambalo wanawake wake hawatoki ovyo? Agizo la mama ndilo lililomwelekeza mtoto kwa mlezi huyo. Sadfa hii ina mizizi katika mandhari na katika tendo lililotangulia, na ndiyo sababu haituudhi.

Kuna tukio ambalo ningependa kila mtahiniwa alitazame. Bi. Han anamwagiza yatima huyo amletee maji ya kunywa. Analeta, Bi. Han haridhiki, anamwagiza tena siku nyingine. Hatimaye mtoto anakumbuka alivyokuwa akifanya mamake, naye anamuuliza Bi. Han iwapo tumbo linamsumbua au koo linamwuma, ndipo alete maji yanayomfaa. Bi. Han alikuwa akimfunza kwamba hata maji yakishatiwa bakulini huwa chakula cha mtu fulani mwenye mwili wake na maradhi yake. Utaona kuwa maswali hayo ni ya daktari. Safari yote ya Jang-geum kutoka upishi hadi utabibu imetabiriwa katika bakuli moja la maji, sehemu nyingi kabla ya kupelekwa uhamishoni katika kisiwa cha Jeju alikojifunza uganga. Dosari yake ni ukoo wa Choi, maadui zake, ambao aghalabu ni wahusika bapa.

Filamu ya Tokyo Story ya Yasujiro Ozu (1953) haina sadfa ya kutajika. Wazee wawili, Shukichi na Tomi, wanatoka mji wa Onomichi kuwatembelea watoto wao Tokyo. Koichi ni daktari; matembezi aliyowapangia yanavunjika kwa sababu ya mgonjwa. Shige ana saluni. Anachangishana pesa na kakake ili wazee wapelekwe Atami, kwenye hoteli ambako kelele za usiku zinawanyima usingizi. Anayewapa wakati wake ni Noriko, mjane wa mwana wao aliyefia vitani. Yaani mkaza mwana, ambaye kwa kifo cha mumewe angeweza kujitoa katika ukoo huo. Wazee wanarudi nyumbani, Tomi anaugua na kufa.

Mtahiniwa wa haraka atamwita Shige katili na Noriko malaika. Ozu hakuruhusu jibu hilo. Shige anafika Onomichi akiwa amebeba nguo za matanga kabla mama hajakata roho, na baada ya mazishi anaulizia mavazi ya marehemu. Lakini machozi yake kitandani pa mama ni ya kweli, na wagonjwa wa Koichi ni wa kweli pia. Noriko naye anamkiri mkwewe kwamba yeye si mwema kama anavyodhaniwa, kwani siku nyingine humsahau kabisa marehemu mumewe. Hawa ni wahusika duara. Mtazame pia kile ambacho hakionyeshwi: safari ya gari la moshi kwenda Tokyo haimo, na pumzi ya mwisho ya Tomi haimo. Tunaambiwa hatafika asubuhi, kisha tunauona mji kulipopambazuka.

Mwalimu mwenzangu, ukiipata filamu hii, waonyeshe wanafunzi tukio ambapo Shukichi anampa Noriko saa ya marehemu. Waulize kwa nini hakupewa Shige, binti wa kuzaa, na uwakataze kulitumia neno "mbaya" katika jibu lao.