SSD ya kasi ndani ya kasha la USB: gari jipya, foleni ile ile ya Kigongo

Ukipita kwenye maduka ya kompyuta katikati ya jiji la Mwanza utapewa ushauri huu: achana na eksteno ya kizamani, nunua SSD ya NVMe, ile ya kufungwa ndani ya laptopu, itie kwenye kasha dogo la alumini, chomeka kwenye USB, kazi imeisha. Ushauri wenyewe haujakosea. Tatizo ni kwamba unasifia spidi tu, na kunyamazia mambo yanayoweza kukupotezea data.

Tuanze na hiyo spidi. Boksi la SSD limeandikwa megabaiti 7,000 kwa sekunde, la kasha limeandikwa 10 Gbps. Gbps ni gigabiti, na baiti moja ni biti 8. Gawanya: unapata megabaiti 1,250 kwa sekunde, na kwa matumizi halisi ni kama 1,000. Yaani umelipia 7,000 na hizo 6,000 hutaziona. Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025, ungeweza kuja na gari la aina yoyote, ila ukifika Kigongo unasubiri kivuko pamoja na wenye daladala. Kasha ndilo kivuko chako. SSD ya kawaida ya megabaiti 3,000 inalijaza vizuri tu.

Na kuna vivuko vingine njiani. Laptopu nyingi za mtumba tunazotumia wanafunzi zina tundu la USB 3.0, ambalo ni 5 Gbps. Waya uliokuja na chaji ya simu mara nyingi ni wa USB 2.0, kama megabaiti 40 kwa sekunde. Kwa gigabaiti 200, tofauti ni dakika tatu na kitu dhidi ya saa moja na dakika 20. SSD ni ile ile!

Sasa tuje kwenye data yenyewe. Hapa ziwani, watafiti wa TAFIRI na wenzao wa Kenya na Uganda, kupitia LVFO, hukadiria wingi wa samaki kwa mwangwi wa sauti. Boti inakata maji huku data inarekodiwa. Dagaa waliopita chini ya boti jana hawatarudi wapite tena kwa sababu diski yako imegoma. Kwa kazi kama hiyo SSD ina sifa ya kweli: haina sahani inayozunguka, kwa hiyo mawimbi hayaisumbui kama yanavyoisumbua hadidiski. Ajabu ni kwamba muuzaji hiyo haitaji.

Asichotaja kingine ni haya. Kwanza, umeme: tundu la kawaida la USB 3.0 limepangiwa wati 4.5, na SSD za kasi zinaweza kutaka zaidi zinapoandika. Zikikosa, zinajikata katikati ya kazi. Pili, joto: ndani ya kasha lisilo na feni, juani kwenye boti, SSD ikichemka inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Tatu, SSD za bei rahisi hupokea data haraka kwenye eneo dogo la akiba. Likijaa, spidi inaweza kushuka chini ya megabaiti 200 kwa sekunde. Ndiyo maana jaribio la dukani la faili dogo halikuambii kitu. Nne, ukichomoa waya kabla kazi haijaisha, hasa kwenye diski iliyofomatiwa kwa exFAT, unaweza kuharibu orodha ya mafaili yote, siyo lile moja tu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujatoa hela angalia tundu la laptopu yako, kisha uliza waya wa kasha ni wa Gbps ngapi. Ukishanunua, andika gigabaiti 100 mfululizo, shika kasha uone linavyochemka, halafu fungua mafaili uhakikishe yanasomeka. Fanya hivyo ukiwa nyumbani, siyo siku ya safari.

Na ile hela uliyookoa kwa kutochukua SSD ya 7,000? Nunua hadidiski ya kawaida, weka nakala ya pili, iache Nyegezi wakati wewe uko ziwani. Kasha likidumbukia majini, spidi yake haitakusaidia kitu. Nakala ya pili itakusaidia.