Fundi wa Ratiba

Dereva akirudi Arusha na wageni waliomwona chui, sifa zote humwangukia yeye. Ni haki yake, maana macho yalikuwa yake. Lakini yupo mtu mwingine ambaye hakufika porini wala kula vumbi, na ambaye wageni hawamkumbuki hata kwa jina. Miezi kadhaa kabla ya safari alikaa mezani akaamua kwamba asubuhi ile gari liwe kando ya Mto Seronera, katikati ya Serengeti, si Lobo wala Ndutu. Huyo ndiye mpangaji wa safari. Kazi yake haipigwi picha, na kwa mtu wa kawaida inaonekana ni kujaza majina ya loji kwenye karatasi. Ukikaa naye ubavuni mchana mmoja, utaona kuwa anachopanga hasa ni saa.

Mteja huanza na bei. Mpangaji huanza na mwezi. Serengeti ina kilomita za mraba 14,763, na nyumbu wake zaidi ya milioni moja hawatulii mahali pamoja. Januari hadi Machi wako kusini, kwenye mbuga za Ndutu, ambako nyasi fupi huota juu ya majivu ya volkano na kubeba madini anayoyahitaji mama mwenye kunyonyesha. Februari huzaa, wengi wao ndani ya wiki chache tu. Masika ikipita husogea magharibi kuelekea Grumeti, na kati ya Julai na Oktoba wengi huwa kaskazini, pande za Mto Mara. Tarangire huenda kinyume. Tembo hufurika huko kiangazi kwa sababu mto ndio uliobaki na maji, na mvua zikianza hutawanyika hata nje ya mipaka ya hifadhi. Kwa hiyo mgeni wa Agosti hupewa Tarangire siku mbili kamili, na wa Februari hupitishwa kwa nusu siku ili usiku uliookolewa uhamie Ndutu. Wote wawili wamelipia siku saba, lakini safari zao hazifanani.

Kalenda peke yake haitoshi, kwa sababu mvua haisomi kalenda. Ndiyo maana simu ya mpangaji haikosi majina ya madereva waliotoka porini jana.

“Shikamoo mzee. Ndutu wapo?”

“Marahaba, mwanangu. Juzi walikuwepo. Mvua imeshuka Naabi, wanageuka.”

Maneno machache hayo yanatosha kuhamisha kambi, kama nafasi bado ipo.

Ramani nayo anaisoma kwa namna yake. Mgeni aliyepima kwa rula ataona Karatu na Seronera ni karibu, apendekeze waondoke baada ya kifungua kinywa cha taratibu. Mpangaji anajua kwamba lami inaishia geti la Loduare, la kuingilia Ngorongoro, kwamba kutoka hapo ni kupanda msitu, kuzunguka ukingo wa kreta, kushuka upande wa pili, kisha vumbi na mitikisiko hadi geti la Naabi la Serengeti, na kwamba ndani ya Serengeti mwendo haupaswi kuzidi kilomita 50 kwa saa. Kwake kilomita ni habari ya pembeni. Anahesabu saa, kisha anaongeza ya pancha, ya foleni getini, na ya simba watakaokutwa barabarani, maana hakuna mgeni atakayekubali kuwapita simba eti loji inasubiri chakula cha mchana.

Ufundi wenyewe huonekana zaidi kwenye vibali. Kibali cha kuingia cha anayelala hifadhini huhesabiwa saa 24, na saa hizo zikipita, hata kwa foleni isiyo kosa lako, kuna malipo mengine. Chukua wageni wanaolala Seronera usiku mbili. Wakigongewa kibali Naabi saa 4 asubuhi, siku ya kutoka lazima wawe wamerudi getini kabla ya saa 4. Asubuhi yao ya mwisho, wakati ambapo duma na simba wako kazini, wataimaliza barabarani wakikimbizana na saa. Mpangaji hodari anairudisha hesabu nyuma. Anawaamsha kwa utulivu Karatu, anawasimamisha ukingoni mwa kreta watazame, na anapanga wafike Naabi saa 7 mchana. Siku ya kutoka wana saa tatu zaidi za kutembea polepole kando ya mto kabla ya kuelekea getini. Hakuna senti iliyoongezwa, na mgeni hatajua kwamba zile saa tatu alitengenezewa.

Ngorongoro hesabu hiyo hupandishwa juu ya nyingine. Anayerudi Arusha kutoka Serengeti kwa njia ya Naabi hana budi kukatiza eneo la hifadhi hiyo na kulipia. Basi mpangaji huiweka kreta mwishoni. Wageni hutoka Naabi mchana, hulala ukingoni, juu ya mita 2,000 ambako baridi ya Julai huwashangaza waliodhani Afrika yote ni joto, na saa 12 asubuhi geti likifunguliwa huanza kushuka. Wanapanda mapema kabla saa 24 hazijaisha. Kibali kimoja cha kuingia kimetosha kwa njia, usiku na kreta. Akiona muda unabana, kwa mfano kundi lina mzee anayetembea kwa mkongojo, hang'ang'anii ujanja huo; humweleza mteja wazi kwamba ni bora kulipa zaidi kuliko kumkimbiza mzee. Na Ndutu ina mtego wake: mpaka kati ya Ngorongoro na Serengeti umepita hapohapo. Nyumbu hawaujui na macho hayauoni, ila mhasibu anaujua vizuri sana.

Halafu kuna kujua mnyama gani hayupo wapi. Chini ya kreta hakuna twiga. Familia yenye mtoto aliyekuja kwa ajili ya twiga pekee, ikipelekwa Ngorongoro kwa siku moja kwa kuwa ndiko kunakosifiwa, itarudi na mtoto aliyenuna. Mpangaji anayeuliza mapema, “Na mdogo wetu anataka kuona nini?” ataanza na Tarangire au Manyara, kisha kreta kwa ajili ya faru, na wote watarudi wameridhika. Katika barua hiyohiyo ataonya juu ya nguo za buluu na nyeusi, zinazovuta mbung'o, na kama kuna ndege ndogo ya kwenda Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, atasema waje na mabegi laini, kwa kuwa kampuni nyingi zinaishia kilo 15 kwa abiria.

Mambo ninayomheshimia zaidi ni yale asiyoyaahidi. Wageni wa Agosti karibu wote wanataka kuona nyumbu wakivuka Mto Mara. Kundi linaweza kusimama ukingoni nusu siku, wa mbele wakinusa maji, kisha wote wakageuka kurudi kula majani. Mpangaji dhaifu huandika “kuvuka mto” mbele ya tarehe fulani, kana kwamba ni treni. Fundi huweka usiku tatu Kogatende, anamweleza mteja kwa nini ni tatu, na kuacha mchana mzima bila kitu ili dereva awe na ruhusa ya kuzima injini na kusubiri. Mchana huo mtupu ndio mgumu kuuza. Mteja anayelipa pesa nyingi anataka kuona kila mstari umejaa, na hifadhi mpya kila siku inapendeza kwenye karatasi. Ni siku ya tatu, mgongo ukiuma na mabegi yakifungwa tena alfajiri, ndipo mtu hutambua kwamba aliuziwa orodha.

Wengi wetu tunaoishi nchini tunalipa kiingilio kwa shilingi, kiasi kidogo sana kuliko cha mgeni, na mara nyingi tunajipangia wenyewe kwa gari la familia wakati wa likizo. Kanuni za fundi zinatufaa vilevile: uliza mwezi kabla ya bei, hesabu saa badala ya kilomita, na usihame kila usiku. Lakini ukiamua kumlipa mtu akupangie, kipimo chake ni rahisi. Weka kidole kwenye mstari wowote wa ratiba umuulize kwa nini uko pale. Fundi atakujibu kwa mvua, kwa saa za geti, au kwa umri wa mama yako. Akikujibu kwamba ndivyo wanavyofanya siku zote, chukua karatasi yako utafute mwingine.